Shahada ya Mikono na Vijiko Vinne vya Sukari

Kijiwe kiko nyuma ya stendi ya mabasi ya Labasa, kati ya meza ya fundi viatu na ukuta wa soko, mahali ambapo harufu ya miwa inayochemshwa kiwandani hufika kabla ya gazeti. Pana benchi moja refu ambalo mguu wake wa nne ni matofali, mkeka mmoja chini, na bakuli la mbao la yangona, ile mizizi inayotwangwa na kukamuliwa ndani ya maji mpaka yawe na rangi ya mto siku ya mvua. Hapa hapanyweki ovyo. Kifuu kinazunguka kwa zamu, unapiga kofi moja kabla ya kukipokea, unakimaliza kwa mkupuo mmoja, wenzako wanakupigia makofi matatu, ulimi unakufa ganzi, na kuanzia hapo kila mtu ni mtaalamu wa jambo lolote litakalotajwa.

Jumatano hiyo Besi alikuwa wa kwanza kufika, na hakuja kwa hamu ya kinywaji. Jina lake halisi ni Waisea, ila miaka arobaini ya kuimba sauti ya chini kabisa katika kwaya ya kanisa ilimfutia jina hilo. Binti yake Salaseini alikuwa na kiti kwenye basi la saa nane, basi linalokwenda kuwahi meli ya Suva, na kule Suva, mji mkuu ng'ambo ya bahari, chuo kikuu kilikuwa kinamngoja. Begi lake lilikuwa limefungwa tangu Jumapili. Alikuwa amesema jambo moja tu, tena kwa upole: kwamba hatapanda basi bila neno la baba yake. Na baba yake, mtu ambaye sauti yake hutikisa vikombe kabatini, alikuwa hajatoa neno wiki nzima.

– Kwa hiyo leo ndo leo, alisema Daktari.

Huyu ni Sakeasi. Alisukuma machela miaka thelathini katika hospitali moja ya visiwani, akarudi na cheo ambacho hakuna aliyempa.

– Leo ndo leo nini? Besi alijibu. Mabasi yapo kila siku.

– Meli haipo kila siku.

– Nini? aliuliza Relwe.

Relwe ni Jagdish, dereva mstaafu wa treni ya miwa. Masikio yake siku hizi huenda likizo bila kuaga, na yeye ndiye mtu pekee Labasa ambaye hajaambiwa.

– Meli! Daktari alipaza sauti. Binti wa Besi anakwenda chuo kikuu kusoma lugha ya alama.

– Aa, hilo najua. Kusoma mikono.

Hapo ndipo palipokuwa na donda. Mwezi wa pili Besi alisimama kanisani, akatangaza mbele ya kwaya zote mbili kwamba nyumba yake itatoa mwanasheria. Watu walipiga makofi. Mchungaji alimwombea. Halafu mtoto akabadilisha fomu, akaandika kwamba anataka shahada ya lugha ya viziwi. Sasa kila Jumapili mtu humuuliza sheria zinaendeleaje, naye hujifanya anatafuta kitabu cha nyimbo.

– Miaka mitatu, Besi alisema. Miaka mitatu chuo kikuu, mwalimu anasimama mbele, anashika tumbo. Wanafunzi wanaandika: njaa. Kesho yake anashika koo. Kiu. Si ndo hivyo? Dunia nzima ishara ni hizo hizo. Mchina akiwa na njaa atashika goti?

Daktari alicheka mpaka kifuu kikamwagika kidogo.

– Mimi ningepata shahada asubuhi moja, alisema Relwe. Tena nina cheti tayari. Miaka thelathini na moja nimesimamisha mabehewa arobaini ya miwa kwa kiganja hiki. Nikifanya hivi, simama. Nikifanya hivi, rudi nyuma. Nikifanya hivi, ng'ombe yuko relini. Wanite nikafundishe.

– Na ukitaka kusema ng'ombe alikuwa relini jana lakini leo hayupo? aliuliza Daktari.

Relwe aligeuza kiganja mbele, akakigeuza nyuma.

– Ng'ombe wa jana anahusu nini treni ya leo?

Pembeni mwa benchi, Apenisa alikuwa akishona kandambili bila kuinua kichwa. Apenisa ni mdogo wake Besi, wa tumbo moja, kiziwi tangu kuzaliwa. Meza ya fundi viatu ni yake, na bakuli la yangona ni lake pia, maana hakuna mtu Labasa anayejua kukamua mizizi kama yeye. Hakosei zamu ya mtu. Na makofi yanapopigwa, yeye ndiye anayepiga kwa nguvu kuliko wote.

– Hebu niwaambie kitu, Besi alisema, akiinamia wenzake. Mimi na huyu tumelala mkeka mmoja. Nilianza kuongea naye kabla sijang'oka meno. Kila asubuhi namwekea chai, vijiko vinne vya sukari, tangu mama yetu alipokuwa hai. Hajawahi kuniambia ongeza, hajawahi kuniambia punguza. Kwa nini? Kwa sababu namjua. Tazameni.

Alimpungia mkono ndugu yake, akaelekeza kidole kwenye ndoo, akatikisa ngumi kama anayekamua. Apenisa akaweka kandambili chini, akaenda kuchota maji.

– Mmeona? Nimelipa ada ya chuo gani?

Kwenye ukingo wa benchi alikuwa ameketi mama mmoja mgeni, kikapu chake cha magimbi kikiwa kati ya miguu, akingoja basi hilo hilo la saa nane. Aliangalia ndoo, akamwangalia Besi, akaendelea kumenya chungwa lake.

– Mimi naona serikali ina jambo, Daktari alisema baada ya kupokea kifuu chake na kukimaliza. Fikirini. Kwa nini sasa hivi? Wakubwa wanarekodiwa kila wanapofungua mdomo. Mtu anasema jambo chumbani, jioni liko kwenye simu za watu. Basi wanataka kujifunza kuongea kimya. Baraza zima la mawaziri, mikono tu. Ndo maana wanafungua masomo.

– Unatupiga kamba, alisema Besi.

– Sipigi kamba. Tena kitabibu ni afya. Kuna mshipa unatoka kidole cha kati unakwenda moja kwa moja tumboni. Umewahi kuona kiziwi mwenye vidonda vya tumbo?

– Apenisa anavyo, alisema Besi.

– Hivyo ni vya pilipili.

– Mimi nasema ni samaki, alisema Relwe.

Wote walimgeukia.

– Samaki ana masikio? Hana. Ana mikono? Ana mapezi. Anatikisa mapezi mchana kutwa, mnadhani anacheza? Wataalamu wameshagundua. Leo wanasoma mikono ya watu, kesho mapezi. Keshokutwa mtu anasimama ufukweni, anatikisa vidole, jodari wanajipanga wenyewe mstari. Chuo kikuu hakifungui somo hivi hivi.

Daktari hakucheka safari hii. Alikuwa akizungusha kifuu kitupu mkononi.

– Kule visiwani, alisema, aliletwa mama mmoja kiziwi kujifungua. Mimi ndo nilisukuma machela. Alikuwa ananiuliza kitu. Njia nzima ananiuliza kitu kimoja, mikono inakwenda, na mimi nikawa natikisa kichwa, ndiyo mama, ndiyo mama. Nesi naye ndiyo mama. Mtoto akatoka salama, mshukuruni Mungu. Lakini mpaka leo sijui nilikuwa namwitikia ndiyo ya nini.

Kifuu kilimpita Besi bila kupokelewa, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu benchi liwekewe matofali.

Salaseini alifika hapo na begi lake. Hakukaa kwenye benchi na wazee. Aliketi kwenye ukingo wa mkeka, miguu ameikunja upande mmoja, akawasalimia mmoja mmoja, halafu akamsalimia Apenisa kwa mikono. Vidole vilikwenda na kurudi haraka, Apenisa akacheka kwa pua, na hakuna aliyeambiwa kichekesho ni nini.

– Mwanangu, alisema Relwe, ni kweli mtasoma samaki?

– Hapana, baba. Tutasoma lugha. Jinsi inavyojengwa, ilikotoka, jinsi ya kumkalimania mtu mahakamani au hospitali. Na jinsi ya kuwafundisha wengine.

– Lugha gani tena, Besi alisema akiwa ametazama stendi, kama vile mtoto yuko ng'ambo ya barabara. Ishara ni zile zile.

– Si zile zile, Baba. Kiziwi wa Australia akija hapa, wanaanza kwa kutafutana. Yetu ina maneno yake na mpangilio wake. Hata utani wake.

– Wewe mbona unaongea na baba yako mdogo vizuri tu? Nani alikufundisha? Si yeye, hapo hapo mezani?

– Naongea naye ya nyumbani. Chakula, mvua, nani amekuja. Lakini Jumamosi viziwi wakikaa wenyewe wakaanza kubishana, mimi napotea kama mtu aliyeshushwa kituo si chake.

– Wakibishana? aliuliza Daktari. Wanabishana wapi?

– Chumba cha nyuma ya duka la vitambaa. Wana kijiwe chao. Miaka mingi sasa.

Besi alimtazama kwa mara ya kwanza siku hiyo.

– Apenisa anakwenda kucheza karata Jumamosi.

– Karata ziko mezani, Baba. Hakuna anayezigusa. Baba mdogo ndiye mbishi kuliko wote. Hawamalizi jambo mpaka yeye aseme. Jina walilompa ni Hakimu.

Relwe, ambaye safari hii alisikia kila kitu, alijipiga paja.

– Besi, ndugu yangu! Si ulitangaza kanisani nyumba yako itatoa mwanasheria? Kumbe amekaa hapo anashona kandambili.

Watu walicheka, mama wa magimbi naye, na Besi mwenyewe akatamani kucheka. Lakini aligeuka kumtazama Apenisa. Hakuwa na hasira na mtoto wala na chuo. Wiki nzima alikuwa akikimbia wazo moja, na sasa limemkuta benchini: kama kunahitajika miaka mitatu ya chuo kikuu ili kuongea na Apenisa, yeye Waisea amekuwa akifanya nini miaka hamsini na sita?

Saa ya stendi ilionyesha saa saba na nusu.

Apenisa aliinuka. Alinawa mikono kwenye ndoo, akaifuta kwa aproni, akafungua kisanduku chake cha misumari na gundi. Kutoka chini kabisa alitoa fungu la mizizi mikavu ya yangona, limefungwa kwa gazeti na uzi wa viatu. Halikuwa la kunywa kijiweni. Lilikuwa la mizizi minene, mirefu, ile ya kumpelekea mtu unapotaka kumwomba jambo zito. Alizunguka bakuli, akaketi chini mbele ya kaka yake, miguu ameikunja, mgongo umenyooka. Salaseini, aliyekuwa hajui lolote kuhusu fungu hilo, alisogea haraka akaketi kando yake, kichwa ameinamisha, macho kwenye mikono yake.

Daktari alivua kofia. Hata mpiga debe wa basi la Savusavu alipunguza sauti. Mizizi ikishawekwa chini, mwenye kuiweka anatoa hotuba yake, na mwenye kuwekewa ni lazima aiguse na kuijibu hotuba hiyo, jambo kwa jambo. Kuiacha bila jibu ni aibu ambayo wajukuu huirithi.

Apenisa aliweka fungu chini, akapiga makofi, akaanza kusema.

Alisema kwa mikono, na hakusema kama alivyokuwa akisema nyumbani, kidole kwenye chungu, kidole kwenye mlango. Mikono ilipanda, ikashuka, ikasimama, ikaanza upya upande wa pili. Uso wake wote ulikuwa kazini. Palikuwa na mto humo ndani, au barabara. Palikuwa na watu wawili, mmoja mfupi. Mahali fulani alitulia, akanyoosha kiganja mbele yake hewani, akakiacha hapo kama kimeegemea ukuta, akafumba macho. Kisha akaendelea, taratibu mwanzoni, halafu mbio, na mwisho akaigeuza mikono yote miwili juu, akaiweka magotini.

Zilikuwa zimepita kama dakika nne. Besi alihesabu baadaye, akagundua kwamba hiyo ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kupewa na ndugu yake.

– Amesema mgongo unamuuma, Daktari alinong'ona. Umeona pale alipoegemea?

– Ni daraja, alisema Relwe. Daraja limechukuliwa na maji. Watu wawili wamenusurika.

– Daraja lipo, Relwe, tumelipita asubuhi.

– Basi ni la zamani.

Mama wa magimbi aliweka maganda ya chungwa ndani ya kikapu. Akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza nauli:

– Amesema nini?

Daktari aliangalia kofia yake. Relwe alijifanya hakusikia, na kwa mara ya kwanza alikuwa anadanganya. Besi aliangalia fungu la mizizi miguuni pake na mkono wake ukashindwa kuligusa, kwa kuwa hakujua angejibu jambo lipi.

– Seini, alisema. Sauti ilitoka ndogo. Sema.

Kwa desturi, anayeombewa hafungui mdomo. Salaseini alimtazama baba yake mdogo, naye akamwitikia kwa kichwa.

– Nusu nimeelewa, Baba. Ameanza na nyumba yetu ya kule mtoni. Amesema mlipokuwa wadogo ulikuwa unaimba jioni, naye anaweka kiganja mgongoni mwako. Amesema ndivyo anavyoijua sauti yako, na kwamba hakuna mtu kanisani anayeijua kama yeye.

Kile kiganja hewani. Besi alikijua. Alikijua sasa, ngozi ya mgongo wake ilikijua, ingawa kilikuwa hakijamgusa tangu wote wawili wavae suruali ndefu.

– Halafu ameniombea niende. Hapo nimeelewa kila neno. Halafu amesema kuna jambo anataka kukuuliza wewe tangu siku ya msiba wa bibi.

– Jambo gani?

Salaseini alizungumza kidogo na Apenisa kwa vidole, akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yamemlenga, ila alikuwa anatabasamu.

– Hapo ndipo nilipopotea. Alikwenda haraka, na lile la bibi lina maneno ambayo mimi sina. Nimemwomba arudie, amekataa. Anasema hataki lifike kwako limevunjika. Anasema atangoja nirudi. Hiyo nusu nyingine ndiyo ninayoifuata Suva, Baba.

Apenisa aliinua kidole, akaongeza kitu kifupi. Salaseini aliziba mdomo.

– Nini tena? aliuliza Besi.

– Anasema kuna moja linaloweza kusemwa leo. Ile chai. Hapendi sukari, Baba. Hajawahi kupenda.

– Vijiko vinne! alipiga kelele Relwe. Kila siku! Ndani ya mji wa sukari!

– Anasema alifikiri ni wewe unayependa kumwekea.

Daktari aliinama akashika mbavu. Relwe alianza kuzidisha, vijiko vinne mara siku za mwaka, akapotea njiani akaanza upya. Apenisa aliwatazama, akacheka kwa kifua chake chote, na Besi akashindwa kujizuia. Kicheko chake kikatoka kule chini kabisa kwenye sauti ya nne, vifuu vikagongana kwenye bakuli.

Alipotulia, aliligusa fungu la mizizi kwa mikono miwili. Jibu alikuwa nalo sasa. Lililomsumbua lilikuwa njia. Alianza kunyoosha kidole kuelekea basi, akakirudisha. Kisha akafanya jambo ambalo kwa desturi ni utovu wa adabu mbele ya mtu aliyekuwekea mizizi: aliteremka kwenye benchi, akaketi mkekani, akageuka, akampa ndugu yake mgongo.

Kiganja kilifika pale pale.

– Nimeipokea mizizi hii, Besi alisema, kwa sauti ile ya kanisani, ya chini, isiyo na haraka. Nimeipokea kutoka kwa ndugu yangu Apenisa. Uliyoomba nimekupa. Mtoto aende, na aende na neno langu. Akasome mikono mpaka aimalize yote, shahada ya kwanza, na kama iko ya pili, hiyo pia. Na lile la mama uliloliweka, liweke vizuri. Na mimi nitangoja. Nami Jumapili nitasimama tena kanisani, nitangaze upya.

Apenisa alikuwa amefumba macho. Sauti ilipokwisha, hakuondoa mkono mara moja.

Makofi matatu yalipigwa. Ya Apenisa ndiyo yaliyosikika mpaka ndani ya soko.

Basi likapiga honi. Salaseini alimwinamia baba yake, naye akamnusa paji la uso kama alivyokuwa akifanya binti alipokuwa mchanga. Mama wa magimbi alibeba kikapu chake kwa mkono mmoja na mkono wa pili akashika mpini wa begi la binti, akisema atakaa naye mpaka melini. Dirishani Salaseini alisema kitu kirefu kwa vidole, Apenisa akamjibu, na waliendelea kupiga soga hivyo kupita kioo na vumbi na kelele za injini mpaka basi likakata kona ya daraja.

– Sasa, alisema Relwe alipokaa tena. Hicho anachotaka kukuuliza tangu msiba. Unadhani ni nini?

– Sijui.

– Hata kukisia?

– Sikisii tena, Relwe.

– Kwa hiyo tutajua lini?

Besi aliangalia ndani ya bakuli. Yangona ilikuwa imekwisha, limebaki tope la chini. Alimgusa Apenisa begani, akaelekeza kidole kwenye ndoo, halafu akasita. Akakirudisha kidole, akanyanyuka, akaenda kuchota maji mwenyewe.

– Miaka mitatu, alisema akirudi na ndoo.

– Nini?

– Miaka mitatu, Relwe. Si mingi.